Mchwa Wanasoma Kuliko Sisi

Vijana wenzangu wa kalamu, leo naomba tugombane kidogo.

Kila tukikaa kijiweni kusomeana miswada, kilio ni kilekile: eti sisi hatuna historia iliyoandikwa, babu zetu hawakuacha karatasi, kwa hiyo mwandishi chipukizi afanye nini zaidi ya kumtunga mpelelezi anayefukuza majambazi New York? Mimi ni mhitimu wa sekondari tu, na riwaya yangu ya kwanza bado imelala kwenye kaunta buku. Lakini nasema wazi: kilio hicho ni uvivu uliovaa tai.

Chukueni Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Zanzibar, akashukia Lindi na kupanda bara na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Safari ikaishia Masasi, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara wakakivamia, wakachoma nyumba, wakachukua mateka. Hebu fikirini: mtu ameuzwa, amekombolewa, amepata shamba na mke, halafu anatekwa tena! Ikaja 1905, Vita vya Maji Maji, majengo ya misheni yakateketezwa. Halafu mtu ananiambia kwetu hakuna kisa?

Maaskofu tunawajua, wana vitabu vyao. Lakini yule aliyebeba mzigo, aliyezaa, aliyezika watoto watatu, yeye tutamkuta wapi? Tutamkuta kwenye daftari la mtaa. (Waanglikana wengi wa huko parokia huiita mtaa.) Daftari la ubatizo: tarehe, jina, wazazi, wadhamini, sahihi ya padri. Daftari la ndoa. Daftari la mazishi. Mistari mikavu kabisa, lakini mwenye jicho la riwaya hahitaji zaidi. Mkiona mtu mmoja amedhamini watoto ishirini, mjue kijiji kilimwamini. Mkiona mazishi yamefuatana siku kwa siku, ulizeni mwaka huo kulikuwa na njaa au ndui.

Na madaftari hayo tunayafanyia nini? Nimefika kwenye mtaa mmoja wa kijijini, siutaji jina. Nilikuwa natafuta ubatizo wa bibi yangu. Nikaoneshwa kabati lisilo na mlango. Rafu ya chini mchwa walishamaliza kazi, daftari limebaki jalada tu, ndani udongo. La pili lilikuwa limechanwa kurasa za mwisho. Nikauliza zimekwenda wapi. Jibu: “Kijana, hayo makaratasi ya zamani ya nini? Zilifungiwa karanga.” Jamani! Nje ya kanisa hilohilo kulikuwa na vipaza sauti vipya viwili. Sanduku la bati lenye kifuniko lingegharimu nini mbele ya vipaza sauti?

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema hayo ni mambo ya wazungu, historia ya kikoloni. Sawa, mmisionari aliandika alichotaka, na mara nyingi jina la nyumbani lilifunikwa na la ubatizo. Lakini hapo ndipo riwaya inapoanzia, ndugu yangu: huyu aliyeitwa Petro, mama yake alimwitaje? Tena kalamu haikuwa ya wazungu peke yao. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadri mwaka 1890 na akahudumu huko Chitangali. Gazeti la Msimulizi lilianza Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888, likipokea habari za vituo vya misheni kwa Kiswahili. Samwil Sehoza alichapisha Mwaka katika Minyororo mwaka 1921, akieleza mateso ya watu wa misheni mikononi mwa Wajerumani wakati wa vita. Hao ni waandishi waliotutangulia kwa lugha yetu hii. Wangapi kati yetu tunawajua?

Wa pili, msomi, atasema tusihangaike, kila kitu kiko Oxford. Kweli, UMCA iliungana na wenzao mwaka 1965, na nyaraka za makao yao zimehifadhiwa kwenye maktaba ya Bodleian. Nashukuru zimehifadhiwa. Lakini makao makuu ni makao makuu: huko zilikwenda barua na taarifa za kwa wakubwa. Daftari la mazishi la kijiji halikupanda meli, lilibaki kabatini. Likiliwa, limeliwa. Na hata kwa zile zilizoko Oxford, nani kati yetu hapa kijiweni ana nauli?

Basi tufanye hivi. Ukienda kwenu likizo, mwone padri wa mtaa, shikamoo yako mkononi, omba kuona madaftari. Usiondoke nalo hata ukurasa mmoja, huo ni wizi. Nakili kwa mkono, au piga picha kwa simu hiyo unayopigia harusi, kisha mwachie padri nakala. Soma majina mbele ya wazee, uwasikilize. Na uwe na adabu: mtoto aliyeandikwa bila baba huenda yuko hai, ana wajukuu. Siri yake si mali ya riwaya yako.

Nanyi mapadri na wazee wa kanisa, sadaka ya Jumapili moja inatosha kununua sanduku la bati. Msingoje mzungu mwingine aje kuwafungulia kabati.

Nimemaliza. Anayetaka kunipinga aandike, nitamsoma. Ila kwanza aniambie ni daftari gani amelifungua.