Nani Ndumilakuwili?

Nianze na jambo ambalo wasomi wenzangu hawapendi kulisikia. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza katika shule za msingi na baadaye katika vyuo vya ualimu, na sijaona maandishi ya Kiswahili yaliyosomwa kwa hiari kuliko katuni. Riwaya zilisomwa kwa sababu zilikuwa katika mtihani. Hotuba zilisomwa kwa sababu mkaguzi angeuliza. Lakini katuni, au vibonzo kama vijana wanavyoviita, zilisomwa chini ya dawati, ndani ya basi, kwa kinyozi na kwenye baraza ya muuza kahawa, na hakuna aliyemwamrisha mtu kuzisoma.

Pamoja na hayo, ni maandishi gani yanayodharauliwa kuliko hayo? Mwalimu anayaita uhuni. Mzee anayaita utovu wa adabu. Msomi hayaiti chochote, maana hayajui. Nami nasema, na nitarudia kusema, kwamba katuni za Dar es Salaam ni fasihi ya watu wa jiji hili, na kwamba jamii inayozicheka asubuhi, kuzifungia maandazi jioni, na kumweka mchoraji wake mahabusu usiku, haina haki ya kumwita mtu mwingine yeyote mnafiki.

Ndugu msomaji, hebu tukumbuke tulikotoka. Wale wa rika langu wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Uhuru lilikuwa gazeti la chama, kwanza TANU na kuanzia 1977 CCM. Sisi walimu vijana tulipolipata, mara nyingi likiwa limechelewa siku mbili tatu, tulimtafuta kwanza Chakubanga, kisha ndipo tukarudi kwenye hotuba. Wenye gazeti walilijua hilo, na hawakumwondoa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 likaja jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo tulimokutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliolipa jarida lile sura yake, alifariki 1986 akiwa bado kijana, lakini watu aliowachora waliendelea kuishi. Kisha vyama vingi viliporudi 1992 na magazeti ya watu binafsi yakaongezeka, karibu kila gazeti likataka mchoraji wake. James Gayo akatupa Kingo. Nathan Mpangala akatupa Kijasti. Masoud Kipanya akatupa yule panya wake mdogo, katika jiji ambalo hata daladala ndogo ziliitwa vipanya.

Hiyo si historia ya kuonewa haya. Sasa tuwasikilize wanaoidharau, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni mwalimu mwenzangu. Yeye husema kwamba katuni zinaharibu Kiswahili cha watoto. Katika chuo kimoja nilichokiongoza, mkufunzi aliniletea ofisini nakala ya Sani aliyomnyang'anya mwanachuo wakati wa kujisomea usiku. Alitaka mwanachuo yule aadhibiwe. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe amelisoma jarida lenyewe. Akasema hawezi kupoteza wakati wake. Basi kesho yake nililipeleka darasani, katika kipindi cha Kiswahili, nikawapa wanachuo kurasa nne tu na kuwataka waorodheshe kila walichofundishwa katika somo la fasihi simulizi. Waliona tanakali za sauti: mtu anaanguka puu, mlango unafungwa pa! Waliona methali iliyogeuzwa mkia ili ichekeshe. Waliona misimu ya mjini ikigongana na lafudhi ya mtu aliyeshuka juzi kutoka bara. Waliona jina Lodi Lofa, ambalo ndani yake bwana mkubwa na mtu asiye na kitu wamefungwa kamba moja. Mwanachuo mmoja alisema kwamba kwa mara ya kwanza ameelewa kejeli ni nini, ingawa alikuwa amekwisha kuikariri maana yake tangu kidato cha pili.

Mkufunzi yule hakushawishika. Alisema ninahalalisha uhuni. Lakini hakuniambia ni kitabu gani cha kiada kingetupa yote hayo katika kurasa nne.

Tena kuna jambo zito zaidi. Taifa letu lilifanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Mwaka 1986 Serikali ilihesabu kwamba asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini anayefundishwa kusoma kisha asipate cha kusoma, husahau. Kila mwalimu wa elimu ya watu wazima anajua hivyo. Vitabu vya kilimo bora cha pamba viligawiwa bure na vikakaa darini. Sani ilinunuliwa kwa fedha ya mfukoni mwa mtu, ikasomwa, ikaazimwa, ikasomwa tena mpaka jalada likabanduka. Mimi sijui kipimo kingine cha maandishi kuwa hai.

Wa pili ni mzee mwenzangu, mwenye mvi kama zangu. Yeye husema kwamba kumchora kiongozi akiwa na tumbo kubwa na masikio kama ungo ni kukosa heshima, na kwamba si mila yetu.

Si mila yetu? Mzee mwenzangu, umesahau utani? Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu zama za misafara. Mtani hufika hata msibani, penye majonzi, akaigiza namna marehemu alivyokuwa akitembea na kukopa bila kulipa, akadai apewe chake kabla shughuli haijaendelea. Wafiwa hucheka katikati ya machozi. Hakuna anayekwenda kumwita polisi. Wazee wetu walijua kwamba jamii inahitaji mtu mwenye ruhusa ya kusema lisilosemeka, na kwamba aliyetaniwa akikasirika, aibu ni yake yeye, si ya mtani. Mchora katuni ndiye mtani wa jiji. Anafanya kwa kalamu kazi ileile.

Tumemtendeaje mtani huyo? Godfrey Mwampembwa, ambaye dunia inamjua kwa jina la Gado, ni mtoto wa Dar es Salaam. Mwaka 1992 alikwenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation, na huko ndiko jina lake lilikokua. Januari 2015 Serikali yetu ililizuia gazeti la The East African kuingia nchini, ikisema kwamba halijasajiliwa. Gazeti hilo lilikuwa limeuzwa hapa kwa miaka mingi, na wengi walikumbuka kwamba muda si mrefu kabla ya hapo lilikuwa limebeba katuni ya Gado iliyomchora Rais Kikwete. Septemba 2021 mchoraji Optatus Fwema alikamatwa hapa Dar es Salaam baada ya kuweka mtandaoni katuni iliyomhusu Rais Samia, akashikiliwa kwa siku kadhaa. Mtu anaweza kusema kwamba katuni ile haikumpendeza. Ni haki yake. Mimi nauliza jambo jingine: ni dola gani yenye askari, mahakama na redio, inayoogopa mtu mmoja mwenye kalamu ya wino?

Na hapa ndipo unafiki wetu unapojionyesha wazi. Serikali na mashirika yanapotaka wananchi walale ndani ya chandarua, wanawe mikono kwa sabuni, wajikinge na UKIMWI au wajitokeze kupiga kura, yanamwita nani? Yanamwita mchora katuni. Yanajua fika kwamba mama wa Manzese na mvuvi wa Kigamboni wataitazama picha kabla ya kusoma waraka. Basi katuni si utovu wa adabu pale wakubwa wanapotaka kusema na sisi. Inakuwa utovu wa adabu pale sisi tunapotaka kusema na wakubwa. Kama huo si undumilakuwili, basi neno hilo lifutwe katika kamusi.

Wa tatu ni msomi. Huyu hana hasira. Ana kiburi tu. Kwake yeye sanaa ya Tanzania ni tingatinga. Nami sina ugomvi na tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora 1968 na kufariki 1972, alitoka mikono mitupu akaacha shule ya wachoraji, na anastahili heshima yake. Lakini tuseme ukweli: tingatinga tuliiheshimu baada ya mgeni kuinunua. Chui na ndege wale hawahitaji mtu ajue Kiswahili ili awapende. Kibonzo kinahitaji ujue Kiswahili, ujue foleni ya maji, ujue mwenye nyumba anavyobisha hodi mwisho wa mwezi, ujue mgambo anavyofukuza wauza matunda. Mtalii hawezi kukinunua kwa kuwa hakichekeshi kwa lugha yake. Kwa hiyo tukakiona hakina thamani. Kumbe thamani yake ilikuwa hiyohiyo, kwamba kilituhusu sisi na hakikuhitaji kibali cha mtu mwingine.

Wageni wenyewe wametutangulia hata hapo. Watafiti wa Ujerumani wamekwisha kuandika makala nzito kuhusu vibonzo vya Kiswahili. Nawashukuru. Lakini inauma kuona kwamba mwanafunzi wetu anayetaka kumjua Chakubanga itambidi aanzie kwenye makala ya mtu wa Ulaya.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kibonzo ni johari. Nimeona vibonzo ambavyo mwanamke si mtu bali ni makalio tu, na vingine ambavyo mtu wa kijijini ni mjinga kuanzia mraba wa kwanza hadi wa mwisho. Huo ni uvivu wa mchoraji, na uvivu huo unapaswa kukemewa hadharani. Lakini dawa ya kazi mbovu ni uhakiki, na uhakiki hufanywa na watu waliofundishwa kuitazama kazi yenyewe. Tunamfundisha kijana kuhakiki shairi na tamthilia, kisha tunamwacha bila silaha mbele ya maandishi anayokutana nayo kila siku. Leo anakutana nayo katika simu, yakipita haraka, bila jina la mchoraji wala tarehe, yamenakiliwa na mtu asiyejulikana na kugawiwa bure. Mchoraji halipwi, na kesho yake hakuna anayekumbuka aliyechora. Kipindi cha kuchora nacho, katika shule nyingi nilizozitembelea, kilikuwa kipindi cha kufagia uwanja.

Basi ninataka nini? Ninataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, vyuo vya ualimu viingize katuni katika somo la Kiswahili, kama matini ya kusomwa na kuhakikiwa, sambamba na hadithi fupi. Mwalimu atakayejua kuisoma katuni hataiogopa, na hatamnyang'anya mtoto asichokielewa yeye mwenyewe.

Pili, Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo ilifunguliwa 1967 ili kumbukumbu za taifa zisipotee, iviwekee vibonzo mahali pake maalumu. Chakubanga wote wakusanywe. Sani zote, tangu nakala ya kwanza, zikusanywe. Kingo vivyo hivyo. Atakayetaka kujua miaka mia ijayo watu wa Dar es Salaam waliishije wakati sukari ilipoadimika, walitongozanaje, walimwogopa nani na walimcheka nani, hataipata habari hiyo katika kumbukumbu za vikao. Ataipata katika miraba ile.

Tatu, mtu asikamatwe kwa ajili ya kuchora. Aliyechukizwa ajibu kwa maneno, au amtafute mchoraji wa kumjibu. Mtani hujibiwa kwa utani.

Na wewe msomaji, usingoje Serikali. Kama chini ya kitanda chako, au ndani ya lile sanduku la bati la marehemu baba, kuna Sani za zamani zilizoliwa kingo na mende, usiziwashie moto wa mkaa wala usimpe muuza karanga. Zifute vumbi, zifunge katika nailoni kavu, andika juu yake mwaka kama unaujua. Kisha waonyeshe wajukuu, uwasomee kwa sauti. Watacheka, na wakicheka watauliza Ndumilakuwili alikuwa nani. Wewe uwe na jibu.