Neno la Zamu: Mgagani

Safari hii neno halikutoka kwenye kamusi. Lilitoka kwenye kopo la mrihani, juu ya paa la nyumba ya mwenzetu mmoja, mtaa wa Bani Malik, Jeddah. Mrihani ulikufa kwa joto, na pale pale ikaota miche minne ambayo hakuna aliyeipanda.

Baba yake alipoiona alishtuka. Kila kikonyo kilibeba vijani vitano vilivyotandazwa kama vidole. Jani la namna hiyo sote tunalijua, hata kama ni kwenye fulana za reggae tu. Na Saudia si mahali pa kukutwa na mmea huo ukajitetea kwamba umejiotea. Aking'oa mmoja, wa pili, wa tatu, mwenzetu alimwomba asubiri kidogo, akatutumia picha.

Hapo ndipo tulipoaibika. Kwetu sisi tuliokulia ughaibuni, mboga zote za majani ni mchicha. Programu ya simu ilitoa jina moja kwa picha ya kwanza, na jingine kabisa kwa picha ya pili. Mmoja wetu akasema ni gugu tu, ling'olewe yaishe.

Bibi yake magoti yanamuuma, hapandi ngazi. Alionyeshwa picha, akasema picha hainuki, mleteeni jani. Akalifikicha, akalinusa.

"Mwangani huu, mwanangu. Nani kaung'oa?"

Baba alinyamaza.

Mwangani ndivyo wanavyouita watu wengi wa Mombasa. Tanzania ni mgagani. Mwenzetu mwenye asili ya Kisii alicheka sana: kumbe ni chinsaga, mboga aliyoila kila likizo bila kuiona ikiwa na mizizi. Wajaluo huiita dek. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mmea huu Cleome gynandra. Siku hizi wataalamu huuita Gynandropsis gynandra. Jina tulilolipenda zaidi ni jingine la Kiswahili, mkabilishemsi, maana shemsi hata watoto wa Jeddah hawahitaji kutafsiriwa. Na jua unalikabili kweli: ni mmea wa C4 kama mahindi na mtama, hustawi kwenye joto lililoua mrihani.

Sasa, utautofautishaje na bangi? Kijani cha bangi kina meno makubwa pembeni kama msumeno. Cha mgagani pembeni ni laini, au kina vijimeno vidogo mno. Shina la mgagani lina vinyweleo vinavyonata mkononi. Ukichanua, maua ni meupe au ya zambarau hafifu, yenye nyuzi ndefu zinazochomoza nje, kisha hutoa maganda marefu membamba, karibu kama ya choroko. Bangi haina maganda kama hayo. (Lakini usipike mmea wowote kwa kutegemea safu ya wanafunzi. Mwonyeshe kwanza anayeujua.)

Ni mchungu. Bibi huuchemsha, akamwaga maji, ndipo akaupika kwa tui la nazi. Wakisii na Wajaluo huuweka maziwa. Kwa Bibi swali la kama ni gugu halikuwa na maana: ukiota penyewe ni kwamba umekuokolea kazi ya kupanda.

Mche mmoja uliobaki haukutosha hata sahani. Bibi alikataza usichumwe, uachwe uzae. Baba ndiye aliyeumwagilia maji kila jioni, bila kuambiwa na mtu. Maganda yalipokauka, mbegu zilitufikia chuoni ndani ya bahasha, nyeusi na ndogo sana, juu yake Bibi ameandika mwangani kwa herufi za Kiarabu. Ilituchukua muda kusoma.

Mbegu tunazo. Anayetaka aje na kopo lake, na atuambie kwao mmea huu unaitwaje. Walimu pia.