Je, Marehemu Alikuwa Akivuta?

Elimu ya afya imefanya kazi njema ya kuwafundisha wananchi kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Jambo hilo lilionyeshwa wazi na uchunguzi wa Richard Doll na Austin Bradford Hill uliotangazwa Uingereza mwaka 1950, na hadi leo halijatenguliwa. Wengi wa wanaouawa na maradhi haya duniani ni watu waliovuta. Lakini funzo jema likikaririwa pasipo ufafanuzi huishia kuwa hukumu. Mtu akifa kwa saratani ya mapafu, swali la kwanza msibani aghalabu huwa: je, marehemu alikuwa akivuta? Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini swali hilo halimtoshi mtaalamu, wala halimfai mfiwa.

Mwaka 2019 shangazi yangu, mkazi wa Gongoni katika mji wa Tabora, alifariki kwa maradhi hayo. Hakupata kuvuta sigara maishani mwake, wala nyumbani mwake hapakuwa na mvutaji. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaanga vitumbua vya kuuza, akiamka alfajiri na kukoka kuni katika jiko la uani, chumba kidogo chenye paa la bati na mlango mmoja. Kikohozi kilipomshika alitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa vijidudu vya ugonjwa huo havikuonekana katika makohozi yake. Saratani ilipotambuliwa ilikuwa imekwisha kusambaa. Matangani wakatokea walionong'ona kwamba huenda alikuwa akivuta kwa siri. Katika mkoa uliozoea kulima tumbaku kwa biashara, uvumi wa namna hiyo hupata wasikilizaji upesi.

Sayansi yasemaje? Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 10 na 25 ya wagonjwa wa saratani ya mapafu duniani hawakupata kuvuta kamwe. Wagonjwa wapya wa mwaka 2022 walikaribia 2,500,000. Hivyo hata tukishika kadirio la chini, tunazungumzia watu wapatao robo milioni kwa mwaka mmoja. Visababishi vinavyojulikana ni vingi: gesi ya radoni itokayo ardhini, vumbi la asbesto, moshi wa injini za dizeli, na moshi wa sigara za watu wengine. Juu ya hili la mwisho, Takeshi Hirayama wa Japani alitangaza mwaka 1981 matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 wasiovuta. Walioolewa na wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Kisababishi kingine kimo jikoni. Kuni au makaa ya mawe yasipoungua barabara, hutoa vumbi laini mno liwezalo kushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Vumbi hilo hubeba kemikali kama benzopireni, ambayo imo pia katika moshi wa sigara. Mwilini kemikali hiyo hubadilika na kujinasa katika chembe za urithi, na kasoro zikilimbikizana kwa miaka mingi, seli huweza kuanza kuzaana bila mpaka.

Ushahidi ulio dhahiri kabisa watoka Xuanwei, katika jimbo la Yunnan nchini China. Wanawake wa huko, ambao takriban wote hawakuvuta, walikufa kwa saratani ya mapafu kwa wingi uliowashangaza wataalamu. Walipikia makaa ya mawe katika mashimo yasiyo na dohani. Wakulima zaidi ya 21,000 walifuatiliwa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa waliojenga majiko yenye dohani walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 41 kwa wanaume na 46 kwa wanawake.

Hata hivyo ukweli wa kisayansi una mipaka yake, nayo yapasa kuheshimiwa. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliamua kwamba moshi wa makaa ya mawe majumbani ni kisababishi cha hakika. Moshi wa kuni ukawekwa daraja la pili, yaani yaelekea husababisha. Aidha, takwimu hueleza hali ya watu wengi kwa jumla. Haziwezi kuthibitisha kwamba kuni ndizo zilizomuua shangazi yangu, na mimi sidai hivyo. Walionong'ona msibani walidai kujua zaidi ya sayansi yenyewe.

Baadhi watasema kwamba bibi zetu walipikia mafiga matatu, kama wapagazi wa misafara iliyopita Tabora karne ya 19, nao wakazeeka salama. Hoja hiyo huwahesabu walionusurika tu. Tena, mkohozi wa zama zile alizikwa bila kupigwa eksirei, basi maradhi yake hayakupata jina.

Dhana kwamba saratani hii ni ya wavutaji peke yao huchelewesha matibabu. Kwa wasiovuta, aina inayotokea zaidi ni adenokasinoma, ambayo aghalabu huanzia pembezoni mwa pafu na kukua muda mrefu kabla ya kuleta kikohozi. Mwaka 2004 wataalamu waligundua kwamba wengi wa wagonjwa wasiovuta wana kasoro maalumu katika seli za uvimbe, na vipo vidonge vinavyoilenga. Kwa hiyo mgonjwa asemapo "sivuti", amempa tabibu habari ya kumwongoza. Kikohozi kisichopona kwa dawa za kifua kikuu, na hasa pale vijidudu visipoonekana, chahitaji eksirei na kuchukuliwa kipande cha nyama ya pafu kwa uchunguzi, awe mgonjwa mvutaji au siye.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini tujihadhari na kuridhika upesi. Utafiti wa Malawi uliotangazwa mwaka 2016 uliona kwamba majiko yaliyoboreshwa, yakiendelea kutumia kuni, hayakupunguza homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Kwa hiyo haitoshi kugawa majiko. Sharti moshi wenyewe upimwe.

Napendekeza jambo moja lisilo na gharama kubwa. Katika fomu za wagonjwa wa kifua, chini ya swali la sigara, liongezwe swali la pili: unapikia nini, wapi, na kwa miaka mingapi? Majibu yakikusanywa Tabora, Mwanza na Dar es Salaam kwa miaka kumi, Taifa litakuwa na ushahidi wake lenyewe juu ya kuni na mkaa, badala ya kuazima wa Yunnan. Na wafiwa watakuwa na jibu la kuwapa wanong'onao.