Siku za Rumande Zihesabiwe

Rufaa si hila ya kumkinga mkosaji. Ni njia ya mahakama kujirekebisha. Nchini Kenya majaji wa rufaa hawabadilishi adhabu kwa sababu tu wao wangetoa nyingine. Huibadilisha iwapo hakimu alikiuka misingi ya sheria, alisahau jambo zito, au alipitisha kiasi.

Kosa mojawapo ni kutohesabu siku za rumande. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chaagiza zizingatiwe. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba haitoshi kutamka kuwa zimezingatiwa, kisha kifungo kianze siku ya hukumu.

Lakini rufaa dhidi ya hukumu ya hakimu hukatwa katika siku 14. Anayechelewa hana budi kutoa sababu ya kutosha. Je, asiyejua kusoma atafanyaje? Twazisihi familia na jumuiya zetu zimtembelee mfungwa mapema, zimsaidie kuandika hati, naye aikabidhi kwa mkuu wa gereza. Aelezwe pia kwamba Mahakama Kuu yaweza kuongeza adhabu. Maskini asinyimwe haki kwa kukosa mwandishi.