ALIYEPONA FISTULA AZALIE HOSPITALI

Je, mama aliyetibiwa fistula anaweza kuzaa tena? Ndiyo. Wapo akina mama wengi waliotibiwa, wakapata mimba na kuzaa watoto wazima. Lakini mama huyo asijifungulie nyumbani.

Fistula ni tundu. Uchungu wa kuzaa ukichukua siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama iliyo kati ya kibofu cha mkojo na njia ya uzazi. Damu haipiti. Nyama hiyo hufa na tundu hutokea. Mkojo humtoka mama usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye hufa. Hii si laana, wala mama hakurogwa.

Tundu hilo hushonwa hospitalini. Hospitali ya Bugando, Mwanza, na ile ya CCBRT, Dar es Salaam, hufanya kazi hiyo. Mama akipona hurudi kijijini akiwa mkavu. Hapo ndipo watu husema, "Amepona, sasa azae kama wenzake." Wengine husema kuzaa kwa kupasuliwa ni uvivu.

Maneno hayo si ya kweli. Kovu halina nguvu kama nyama ya kwanza. Tena nyonga iliyomzuia mtoto wa kwanza kupita ni ile ile. Uchungu ukikawia tena, kovu laweza kuachia. Tundu la pili ni gumu zaidi kulitibu kuliko la kwanza. Je, mama arudi kwenye mateso yale yale kwa ajili ya kuogopa maneno ya watu?

Basi, tufanye hivi:

1. Baada ya kushonwa, mume na mke wasikutane kimwili kwa miezi mitatu au zaidi, kama daktari atakavyosema.

2. Mama asipate mimba kabla ya mwaka mmoja kupita. Watumie uzazi wa mpango.

3. Akipata mimba, aende kliniki mapema. Amwambie mkunga waziwazi kwamba alishonwa fistula. Asione haya.

4. Ajifungue kwa kupasuliwa, katika hospitali yenye daktari wa upasuaji. Zahanati haitoshi.

5. Asingoje uchungu uanze. Wiki za mwisho akae karibu na hospitali, kwa ndugu au katika nyumba ya kungojea uzazi.

Mambo haya hayawezekani kwa mama peke yake. Nauli iko mikononi mwa nani? Ruhusa ya kuondoka hutolewa na nani? Mara nyingi ni mume na mama mkwe. Kwa hiyo mume aanze kuweka akiba mara ajuapo mkewe ni mjamzito. Hata kuku wawili wakiuzwa mapema ni mwanzo. Mama mkwe naye asimzuie mkamwana wake kwa kusema kwamba yeye alizaa nyumbani watoto wote. Nyonga za watu hazilingani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mama huyu umekwisha kuzibwa. Kazi yetu sisi wa nyumbani ni kuulinda. Kama yupo jirani yako aliyepona fistula na sasa ni mjamzito, msomee habari hii leo, na mumewe asikie.