Maumivu sugu si kazi ya daktari mmoja

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii inawasuta wote wamdharauo mtu anayelalamikia mgongo mwaka nenda mwaka rudi, ilhali hana jeraha linaloonekana. Shuleni, mwalimu wa aina hiyo huitwa mvivu, na mwanafunzi mwenye selimundu, ambaye mifupa humuuma vibaya mara kwa mara, hushukiwa kwamba anakwepa mtihani.

Kwa maoni yangu, dharau hiyo hutokana na kutofahamu maumivu ni nini. Maumivu ya kawaida ni mlinzi: hupiga kelele mwili unapoumia, na hunyamaza jeraha linapopona. Maumivu sugu, yaani yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3, yanaweza kuwa mlinzi anayeendelea kupiga kelele hata baada ya mwizi kutoroka. Shirika la Afya Duniani limelikiri jambo hili. Katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, maumivu sugu yamepewa nafasi yake, na baadhi yake huhesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe wala si dalili tu.

Mwenye maumivu hayo huogopa kujongea. Asipojongea, misuli hulegea. Misuli ikilegea, maumivu huzidi. Usiku hapati usingizi, mchana hana furaha, na kazi humponyoka. Je, kidonge kimoja kitaukata mnyororo huo wote? Hata hivyo, mgonjwa wetu hubisha mlango baada ya mlango, na kila mlango humpa dawa za kutuliza maumivu. Dawa hizo zikimezwa kiholela kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo.

Aliyeng'amua kosa hili mapema ni Daktari John Bonica wa Marekani, mzaliwa wa Italia aliyejilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka, na ambaye mwenyewe aliishi na maumivu yaliyotokana na mchezo huo. Alipowatibu askari wakati wa Vita Vikuu vya Pili, aliona kuwa hawezi peke yake. Akawakusanya wenzake wa fani mbalimbali, akaandika kitabu mwaka wa 1953, kisha akashiriki kuanzisha kliniki ya maumivu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Humo daktari, muuguzi, mtaalamu wa viungo na mwanasaikolojia walimjadili mgonjwa mmoja pamoja.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Sikubaliani nao. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka wa 1990, imewahudumia wagonjwa wa saratani kwa kuunganisha tiba, ushauri na msaada kwa jamaa zao. Isitoshe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasisitiza elimu kwa mgonjwa, mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtambo wa mamilioni.

Kwa hivyo, ningependa kuzihimiza serikali za kaunti, zilizokabidhiwa huduma za afya mwaka wa 2013, zianze na kidogo. Daktari, muuguzi, mtaalamu wa viungo, mfamasia na mshauri waketi meza moja japo siku moja kwa juma, waweke faili moja na mpango mmoja. Shabaha isiwe kuyafuta maumivu yote, kwani mara nyingi haiwezekani, bali kumrudisha mtu kazini, darasani na kwa watu wake.

Nanyi walimu wakuu, mna nafasi katika kikosi hicho. Kiti kinachofaa, ruhusa ya kusimama kidogo na maji ya kunywa kwa mtoto mwenye selimundu ni sehemu ya matibabu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tusimwachie mgonjwa avunje chawa huyu peke yake.