AFYA YA WATOTO: Zinki na Ugonjwa wa Kifua

Katika mtaa wa Kibera, mjini Nairobi, kando ya bwawa lililojengwa mwaka 1953, kipo kijiji kiitwacho Silanga. Nyumba zake za udongo na mabati zimekaribiana mno, hata moshi wa jiko la jirani huingia chumbani pasipo kubisha hodi. Miezi ya baridi ifikapo, tangu Juni hata Agosti, wazazi wa huko, kama wenzao wa Kawangware, huwasikia watoto wakikohoa usiku kucha. Walio wengi hupona kwa siku chache. Wengine kikohozi huwashuka kifuani kikageuka nimonia, na katika hao wamo wasiopona.

Waganga wamejiuliza kwa muda mrefu: watoto wawili hukaa chumba kimoja na kupatwa na kikohozi kile kile, mbona mmoja hupona na wa pili huzidiwa? Sababu ni nyingi. Umri ni mmojawapo, na moshi, na chanjo zilizokosekana. Lakini ipo sababu moja iliyo ndani ya sahani ya chakula, nayo ni upungufu wa zinki.

Zinki si kitu kigeni. Ndiyo madini yanayopakwa juu ya mabati yasishike kutu, hivyo mkazi wa Silanga hulala chini yake kila siku. (Yafaa isemwe mapema ya kuwa maji yatiririkayo juu ya bati si dawa.) Mwili huhitaji kiasi kidogo mno, lakini pasipo hicho chembe za damu zinazopigana na maradhi hazikomai sawasawa, na utando wa ndani ya njia ya pumzi hudhoofika. Uchunguzi wa lishe uliofanywa nchini Kenya mwaka 2011 ulionyesha ya kuwa watoto wapatao 83 katika kila 100, wale wasiotimiza umri wa kwenda shule, walikuwa na upungufu huo.

Yawezaje kuwa wengi kiasi hicho, na watoto hula kila siku? Jawabu limo katika ugali na uji. Punje ya mahindi ina zinki kidogo, tena ina asidi iitwayo fitiki, ambayo huishika zinki hiyo tumboni isipate kuingia mwilini. Mtoto hushiba, lakini damu yake hubaki na njaa. Nyama, maini, mayai na samaki zina zinki iliyo rahisi kuingia mwilini, ila bei yake haiwi rafiki wa mtu wa kibarua.

Basi, je, ni kweli ya kuwa zinki ikipungua kifua huwa kikali zaidi? Hapa yatakiwa uangalifu. Mtu aweza kupima damu ya watoto walio mahututi, akaona zinki imeshuka, kisha akatangaza kwamba sababu imepatikana. Lakini homa yenyewe huishusha zinki ya damu, kwa maana mwili unapopigana huiondoa katika damu na kuiweka ndani ya ini. Kwa hiyo kipimo cha mtoto mgonjwa peke yake hakitoshi kuamua kipi kilitangulia, ugonjwa au upungufu. Njia iliyo bora ni kuwapa watoto zinki na kuangalia yatakayotokea.

Jambo hilo lilifanywa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2012. Watoto 352 wenye nimonia kali, wa umri wa miezi 6 hadi 59, wote walipewa dawa za kuua vijidudu kama ilivyo kawaida. Nusu yao waliongezewa zinki kwa siku 7. Nusu nyingine walipewa dawa isiyo na kitu. Wala mzazi wala mganga hakujua nani amepata ipi. Muda wa kutulia kwa homa na pumzi haukutofautiana. Lakini katika watoto 176 waliopata zinki walikufa 7, na katika 176 wasioipata walikufa 21. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye virusi vya UKIMWI.

Hiyo ni habari njema, ila haimalizi shauri. Kisiwani Pemba watoto zaidi ya 40,000 walishiriki katika jaribio la kuwapa zinki walio majumbani, na mwaka 2007 ilitangazwa ya kuwa vifo vilipungua kidogo tu, kwa kadiri ambayo yaweza kuwa bahati. Shirika la Afya Duniani mwaka 2004 liliagiza zinki kwa mtoto anayehara, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Katika tiba ya nimonia halikuiweka.

Kwa hiyo mama aliyebakiwa na vidonge vya kuhara asivitumie badala ya dawa ya kifua. Hao wa Mulago waliopona walikuwa wamepewa dawa za nimonia kwanza.

Lililo mikononi mwa mzazi ni chakula. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama matupu. Baadaye, omena waliokaushwa na kutwangwa, kijiko kimoja ndani ya uji, ni zinki ya bei nafuu kuliko nyama. Kulowesha nafaka, kuotesha kimea cha wimbi, au kuuacha uji uchachuke, kama walivyofanya mabibi zetu, hupunguza ile asidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 iliagiza unga wa mahindi wa pakiti utiwe zinki na chuma. Ule wa kinu cha mtaani kwa kawaida hautiwi.

Na mtoto akikohoa, ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, asingojewe hata kupambazuke.